Nani Alitengeneza Mashine ya Kuzungusha Damu

Jumatatu, 3 Machi
Umeme hakuna tangu asubuhi. Sampuli kumi na nne, zote nimezizungusha kwa mkono mpaka damu itengane. Gurudumu la baiskeli, pedali, mirija iliyofungwa kwenye spoku. Bega linauma. Papa Kabulo, mkuu wetu wa maabara, ametangaza kwamba Ijumaa wageni wa mkoa wanakuja kuiona mashine. Wanataka na historia yake, ukurasa mmoja. Ataiandika yeye. Mwaka mzima aliiita takataka.

Jumatano, 5 Machi
Nimeisoma hiyo historia. Eti wazo lilimjia akiwa kwenye boti ya kwenda Moba. Mwongo. Lilinijia mimi, siku mashine ya umeme ilipoungua, na baiskeli ni ya marehemu mume wangu. Mirija mingapi ilipasuka kabla haijakubali? Nimeandikwa "msaidizi". Nilipomwuliza, alijibu bila kuinua macho: "Mama Feza, weye ulishika tu nyundo. Mwenye akili njo mimi."
Namchukia. Naandika hivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Machi
Sikumsalimia. Hakugundua.

Ijumaa, 7 Machi
Wageni watatu. Papa Kabulo kavaa koti jipya jeupe, akataka kuzungusha mwenyewe. Hajawahi hata siku moja. Akachukua mrija mmoja, damu ya mama wa Katanika, kambi ya wakimbizi, ambaye mishipa yake inajificha. Nilimchoma mara nne kuipata. Akaufunga upande mmoja, upande wa pili hakuweka kitu. Kila anayeitumia anajua: mrija wa damu huku, mrija wa maji wenye uzito uleule kule ng'ambo. Wa maji ulikuwa mfukoni mwangu. Nikauacha humo humo.
Alizungusha kwa nguvu, wageni wamwone. Baiskeli ikatetemeka, ikaruka, ikaanguka. Mrija ukapasuka ukutani. Nilifurahi. Nilifurahi kabisa. Halafu nikaiona damu sakafuni, nikakumbuka ni ya nani.

Jumatatu, 10 Machi
Ripoti ya Papa Kabulo iko tayari. "Mashine iliyobuniwa na Mama Feza imeharibika." Leo mashine ni yangu. Kalamu kaniletea mwenyewe. Nimetia sahihi, maana ni kweli.
Mchana nilikwenda Katanika. Nilimwambia yule mama kwamba damu yake ilimwagika kwa bahati mbaya, nahitaji nyingine. Mengine sikuyasema. Akanyoosha mkono mwingine.