Siku Niliyomnyima Babu Yako Kura

Makena wangu,

Huku Nkubu mvua imekubali, na ng'ombe amezaa ndama jike. Unauliza kama unaweza kumnyima rafiki yako kura na bado mbaki marafiki.

Miaka ya tisini, wazazi tulichagua mwenyekiti wa shule kwa kupanga laini nyuma ya mgombea. Wagombea walikuwa wawili: babu yako, aliyetaka uwanja wa mpira, na jirani yetu Mama Kananu, aliyetaka vyoo vya wasichana. Nikasimama nyuma ya Mama Kananu, mchana kweupe! Babu alishindwa kwa mtu mmoja, na kila mtu alijua ni nani. Jioni alijimiminia chai mwenyewe, akaenda kuinywea nje.

Siku ya kuchimba vyoo nilimkuta shimoni tayari, udongo hadi kifuani, akiniitia: "Kuja na chai, wewe mtu wa Mama Kananu!"

Nikampelekea birika nzima.

Nyanya yako