Mabano ya Mstari wa 212

Jumatatu, 2 Machi 2009

Nimerudi kazini. Kule Paysandú kwa mama nimenenepa — nyama choma siku nane mfululizo! Montevideo bado joto.

Mzee Yamandú kanipokea na kibuyu cha yerba, majani yetu ya kunywa kwa mrija, kanipa mimi kabla ya wote, kama desturi yake miaka tisa sasa. Kasema kompyuta yake iligoma wiki ya karnivali, akatumia yangu. "Usinune, Mama Abril." Ninune nini? Ndiye aliyenifundisha C, lugha tunayoandikia programu, ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu Abril. Nimekunywa mpaka termosi ya maji moto ikaisha. Sikusema asante — kwetu ukirudisha kibuyu na kusema asante, umetosheka, humiminiwi tena. Kwake sijawahi kutosheka.

Jumatano, 4 Machi

Lifti ya jengo moja la mtaa wa Pocitos imepanda mlango ukiwa wazi! Shibiri moja tu, kufuli la chuma likaikamata. Lakini doña Nélida, bibi wa ghorofa ya tano, alikuwa na mguu mmoja ndani. Kaanguka, kavunjika nyonga. Ana miaka themanini na moja.

Programu ya lifti ile ni ya kampuni yetu, toleo jipya, iliwekwa Ijumaa nikiwa likizo. Sehemu ya mlango niliiandika mimi.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeupata. Mstari wa 212.

Hali ya lifti ni baiti moja, biti nane, na kila biti ina habari yake. Biti sifuri: umeme upo. Biti namba mbili, ukihesabu kuanzia sifuri, yenye thamani ya nne (0x04): mlango umefungwa. Kabla ya kuondoka lifti lazima iitazame hiyo namba mbili. Mimi niliandika

(hali & 0x04) == 0x04

na sasa pameandikwa

hali & 0x04 == 0x04

Mabano hayapo! Na C haisomi kama sisi, hufanya ==, yaani "ni sawa?", kwanza. Nne ni sawa na nne? Ndiyo — yaani moja. Kisha hiyo moja ndiyo inapimwa na hali. Moja ni biti sifuri. Kwa hiyo lifti haiulizi tena mlango, inauliza umeme! Na umeme upo saa zote. Tulipojaribu karakanani milango ilikuwa imefungwa, nani angeona? Kompaila, ile inayotafsiri msimbo kwa mashine, ilionya, bila shaka. Hutoa maonyo mia mbili, hakuna anayeyasoma.

Faili limebadilishwa Jumanne tarehe 24 Februari, saa tisa alasiri, kwenye kompyuta yangu, kwa jina langu. Saa tisa siku ile nilikuwa kwa mama namenya maboga. Tikiti ya basi ya kwenda na kurudi, yenye tarehe, bado imo mkobani.

Nani huku anachukia mabano? Mmoja tu. "Unauvalisha msimbo sweta mbili," hunitania. Nami humjibu: heri joto.

Sikumwambia mtu. Bila shaka kesho atasema mwenyewe. Ndivyo alivyo.

Ijumaa, 6 Machi

Injinia Olivera, mkuu wetu, katukusanya. Kauliza nani aligusa sehemu ya mlango. Nikamtazama Mzee Yamandú. Nikangoja.

Kakohoa. Kasema Mirta — ndiye mimi — ni hodari, hakuna wa kumfikia hapa, lakini likizo ilikuwa inamwita, huenda aliharakisha. "Tusimwonee, jamani. Nani hajawahi?"

Kilemba cha ukoka — kanivisha mbele ya wote! Tena kaniwekea mkono begani. Wakanitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko tusi. Kikulacho ki nguoni mwako, mama husema, nami nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Jumatatu saa nne, maelezo kwa maandishi. Mkaguzi wa lifti atakuwepo. Atakayeonekana na kosa hataandika tena programu ya lifti.

Jumapili, 8 Machi

Abril kauliza mbona baba wa ubatizo hakuja kula ravioli. Nimesema ana kazi. Namfichia nani?

Jumatatu, 9 Machi

Saa tatu na nusu. Kanikuta koridoni, nje ya ofisi ya Injinia, na termosi kwapani. Kaketi karibu, kamimina, kanipa. Nikamwonyesha mstari, na tarehe.

Hakukana! Kasema alisafisha tu, macho yalichoka, sikukuu, ofisi tupu. Halafu: "Sema ni wewe, mwanangu. Wewe bado kijana, watakukaripia yataisha. Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu."

"Na doña Nélida?"

"Mfupa utaunga."

"Kwa umri ule?"

Kaifunga termosi: "Nilikushika mkono ulipokuwa hujui hata kuhesabu kuanzia sifuri." Ni kweli. Ndicho kinachoniua, ni kweli kabisa.

Nimekunywa mpaka mrija ukalia. Nimemrudishia kibuyu. "Asante."

Kacheka, kadhani nimepitiwa. Akamimina tena. Sikunyoosha mkono. Hapo ndipo alipoacha kucheka.

Saa nne kasoro dakika mbili. Naandika magotini, yeye kiti cha pili, kibuyu kimejaa kinapoa. Karatasi ya mstari wa 212 ninayo. Tikiti imo humu, kati ya kurasa hizi. Nikiitoa, Abril hana baba wa ubatizo. Nisipoitoa —

Injinia anaita. Mzee kasimama kwanza. Kaniwahi, ananishikia mlango nipite.