Masafuria Yenye Habakufunua

Siku ya posho (Jumamosi), usiku

Na mi nilikaanga panelle makumi ine. Mujinga kabisa.

Panelle ni tumikate twa bunga ya dengu, bantu ba Palermo banatukula mu barabara. Trésor, muchumba wangu, iko kule sasa myaka mbili, na kila siku ananisifia panelle. Nilijifunza kupika ku telefone. Nikasema: leo, ku matebeto, siku ya kupikia bakwe mbele ya ndoa, bakwe baone chakula nitapikia mutoto wabo akirudia, ya kwetu na ya kule.

Baba mudogo wake na shangazi yake balifika saa nane. Mama mukubwa wangu akapanga masafuria mbele yabo: bukari ya mahindi, kuku, chikanda ya mizizi na karanga, panelle zangu na ndimu. Bakwe ndio banafunua, kisha banaonja. Ni vile tangu zamani.

Hakuna mwenye alifunua.

"Bamama, mutusamehe," baba mudogo akasema, macho ku biatu. "Trésor alituita ku telefone asubui. Alisha kuoa kule."

Mama mukubwa haonaga haya. "Sasa mulikuja kufanya nini? Kunusa?"

"Alisema tuje tumuambie binti uso kwa uso."

Asante kwake. Uso ya kukopa, hata mudomo haikuwa yake.

Bakaenda. Shangazi alinishika mukono kidogo, naona alikuwa na haya kweli.

Mama yangu akauliza tufanye nini na chakula. Kwa ile, hatuna desturi.

Nikarudisha masafuria ku jiko, moja moja. Zilikuwa nzito vile zilikuwa asubui.