Udongo wa Msimbazi

Newala, 4 Machi 2025

Mama, shikamoo. Mimi mzima, na tumbo zima. Miezi minne sasa. Mimba mbili zilizopita hazikufika huku, kwa hiyo hii naishika kwa mikono miwili. Mguu wako umepoa?

Nakuandikia kwa sababu simu hapa haina siri, mama mkwe anataka iwekwe sauti kubwa. Mama, hamu ya udongo inanitesa. Wa huku una mchanga, unakwaruza meno. Nitumie wa kwako unaouza Kariakoo, mpe utingo wa basi.

Mwanao, Shadya

Dar es Salaam, 17 Machi

Marahaba mwanangu. Mguu umepoa, mdomo ndio haupoi, wateja wangu wanajua.

Udongo wa Kisarawe umekatika, mvua imekula barabara. Ila Beno, yule jirani mchimba mchanga, kaniletea tope la pale mto Msimbazi unapoingia baharini. Jeusi, laini kama unga wa muhogo. Nimelifinyanga, nikalianika, nikalichoma likawa kijivu. Lina kachumvi kwa mbali. Wajawazito wanagombania, Angelina wa duka la vitenge hapitishi siku bila kununua. Nimekujazia mfuko. Kula baada ya chakula, usijifanye panya. Ukikaribia kujifungua nakuja kukulea.

Mama yako, Hajira

Newala, 2 Aprili

Shikamoo mama. Mfuko umefika na umeshakwisha nusu. Mtamu huo, naamka nao, nalala nao. Nitumie mwingine. Mtoto anacheza. Akiwa wa kike ataitwa Hajira, baba yake kakubali.

Mwanao, Shadya

Kwa ujumbe wa simu, 29 Mei

Shadya, salamu baadaye. Acha udongo. Nimepiga, kapokea mama mkwe wako, nikashindwa kumwambia.

Wataalamu waliopima tope la mtoni wametuita ofisi ya serikali ya mtaa. Lina madini ya risasi, yale ya kwenye betri za magari. Yanashuka na maji, yanatulia mle topeni. Nikauliza, na ukilichoma? Wakasema moto hauyaondoi. Yanapita kwa mama yanamfikia mtoto.

Nenda kliniki leo, waambie ulichokula. Uliobaki nimewakabidhi hao wataalamu. Wateja nimewafuata mmoja mmoja. Angelina kanifukuza dukani kwake, na ana haki. Safari ya kuja kwako naiacha. Nitamshikaje huyo mtoto kwa mikono hii?

Mama

Kwa ujumbe wa simu, 20 Juni

Mwanangu, nijibu hata neno moja.

Mama

Newala, 6 Agosti 2025

Mama, shikamoo. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe, sikufichi. Kwenye damu yangu walikuta risasi nyingi. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikaambiwa ninywe maziwa na nisubiri.

Hasira ilinisumbua, ila hamu ilinisumbua zaidi. Nimeshajua kila kitu, bado naulamba ule mfuko mtupu. Hilo sijamwambia mtu mwingine.

Hajira kazaliwa juzi. Kadogo, kilo mbili na kitu, lakini kananyonya. Damu yake wamechukua, majibu bado. Wamesema hata yakija mazuri watamfuatilia mpaka aanze shule.

Mama mkwe anasema ukija usilete chochote cha kuliwa. Na mimi nasema hivyo hivyo. Lakini njoo, mama. Naogopa kumwogesha, na sitaki anifundishe mtu mwingine.

Mwanao, Mama Hajira