Nyumba kwa Nyumba, Kodi Palepale

Jumatatu, 3 Machi
Mvua. Vichwa viwili tu vya kusuka tangu asubuhi. Mpangaji wa fleti yangu ya Joubert Park, hapa Johannesburg, amepiga simu: lifti imekufa tena. Mungu akipenda, karibuni itakuwa shida ya mwingine. Wiki ijayo tunasaini kwa wakili. Mutua wa kanisani anachukua fleti yangu, mimi nachukua kijumba chake cha kupangisha kule Turffontein. Bei zinalingana, hakuna anayemwongezea mwenzake. Jana mchungaji alitushikanisha mikono mbele ya watu, akaubariki mpango. Vigelegele! Kuhusu kodi ya serikali sina wasiwasi. Mdogo wangu Deo ana nyumba Amerika, anajua mambo haya. "Yaya, dada yangu, ukibadilisha nyumba kwa nyumba, kodi inangojea mpaka siku utauzisha."

Jumatano, 5 Machi
Nina hasira. Nimetoka kwa mhasibu, yule Mkenya wa mtaa wa Observatory. "Mama Solange, hiyo ni sheria ya Amerika. Hapa kubadilishana ni sawa na kuuza. Thamani iliyoongezeka inatozwa kodi, na kodi yenyewe haingoji."

Sijashika hata randi moja! Nilipe na nini? Kilichopo ni akiba ya karo ya binti yangu Solange, basi. Mutua alinunua juzijuzi, nyumba yake haijapanda bei, hataguswa.

Wanaita faida. Marehemu mume wangu na mimi tulinunua fleti ile wakati hakuna aliyeitaka. Miaka ya kupanda ngazi na ndoo za maji. Leo ni faida. Eish.

Alhamisi, 6 Machi
Deo ameandika "pole". Pole! Nimemjibu maneno ambayo sitayarudia hapa.

Mama mmoja wa kwaya, niliyemdokezea kwamba nataka kujitoa, ananionya: kuvunja kilichobarikiwa ni kujitafutia laana. Yeye atamlipia Solange chuo?

Jumamosi, 8 Machi
Nimempigia Mutua. Nimejitoa. Alisema sawa, akakata simu.

Jumapili, 9 Machi
Mchungaji hakutaja lolote. Watu walinisalimu kwa ncha za vidole.

Mutua alinisubiri nje. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba nilipopiga simu alikuwa Turffontein, anamalizia kupaka geti rangi ya kijani, maana mke wake alisikia naipenda.

Nilimwambia asante.