Wiki Tisa Ulizokaa Nyumbani, Baba

Mwaka umetimia, Baba, mwaka mzima tangu utuache, na nina habari mpaka zinanikaba. Nimemaliza chuo! Kazi nimepata! Kaka kapata binti, na lile paji lako pana kalibeba lote!

Mtaa mzima walikuita Fundi Koki. Mtu akisema bomba lake linavuja, unaacha chai inafuka, unakwenda. Unarudi umelowa hadi magotini, unacheka: "Leo bomba limenikojolea."

Ndiyo maana ulipoona maji mekundu chooni ulisema ni kutu. Kutu, Baba! Ukang'oa bomba lote la choo chetu, ukaweka jipya, ukatutambia. Mama akauliza, "Mbona bado mekundu?" Ukamjibu, "Mke wangu, nani fundi hapa?" Tukakuamini. Miezi minne. Tulipofika hospitali, saratani ilishatoka nje ya kibofu.

Wodini damu haikukata. Mpira wa mkojo uliziba kwa madonge ya damu, manesi wakakuosha kibofu kwa maji, mfuko baada ya mfuko. Ukaongezwa damu, ikatoka. Kupasuliwa usingeweza, moyo wako ulikuwa umechoka. Nawe ulitaka kitu kimoja tu: "Nirudisheni nyumbani. Sitaki kufia kwenye kitanda cha magurudumu."

Ndipo daktari akatueleza njia isiyo ya kupasua. Tundu dogo kwenye kinena, mrija mwembamba kama tambi unapitishwa ndani ya mshipa hadi karibu na kibofu, wao wanautazama kwenye skrini, kisha wanapeleka chembe ndogo za kuziba mishipa inayolisha pale panapovuja.

Ukajiinua kitandani! "Kumbe mnafunga maji kwenye laini bila kuvunja ukuta?"

"Hivyo hivyo, mzee wangu. Ila saratani itabaki, na damu inaweza kurudi."

"Mwanangu, hata mimi sijawahi kumpa mteja dhamana ya milele. Funga."

Wakafunga. Kesho yake mkojo ulikuwa wa pinki. Siku iliyofuata, njano! Nilipiga kelele wodi nzima ikageuka. Nani anashangilia mkojo? Mimi!

Tukakupata wiki tisa nyumbani. Ulikaa sebuleni, blanketi magotini, ukisikiliza umbea wangu wa chuo. Nikitua tu kuvuta pumzi, unasema, "Halafu?" Hata siku uliyochoka kufumbua macho: "Halafu?" Uliondoka ukiwa kitandani kwako, Mama kakushika mkono, na shuka lilikuwa jeupe.

Siku hizi nikirudi naanzia mlangoni kama zamani, "Hamtaamini!" Mama anatoka jikoni, ananisikiliza, anajitahidi masikini. Halafu natua kuvuta pumzi, na nyumba inakuwa kimya. Ya kazi nilimwambia nusu. Nusu nyingine nilikaa nayo chumbani, kwenye ukingo wa kitanda, viatu bado miguuni.

Unakumbukwa na mkeo, anayelala bado upande wake ule ule wa kitanda, mwanao mkubwa na mkewe, mjukuu usiyemwona, mdogo wako, mafundi wenzako, na mimi kitinda mimba wako, mwenye mengi ya kukwambia.

Hutatutoka mioyoni kamwe, Baba.