Kiingereza cha Baba

Dagoretti, Jumapili

Kaka Shem,

Sisi hapa tunaendelea. Mwanangu Quincy ameng'oka jino la kwanza, na mvua imeniharibia sukuma wiki yote bustanini.

Nilipomwambia Baba nakuandikia huko Doha, alisema, "Remember me to him." Nikafurahi sana. Si unajua alivyotufundisha darasani kwamba hapo maana yake ni "nisalimie"? Nikamuuliza, "Nimsalimie nani, Baba?"

"Huyo unayemwandikia," akasema. Kisha akaniuliza kwa adabu, "Na wewe, mama, unafundisha shule hii?"

Daktari amesema hatapona. Ukipata likizo, njoo unione mimi, kaka. Kwake sote wawili tumeshakuwa wageni.

Dada yako,
Nanyama